Mtungi wa Mama Elsie Haulevyi

Jua halijapanda juu ya magorofa ya mtaa wa Mowlem, mashariki mwa Nairobi, lakini Phelister Obura tayari amepiga magoti nyuma ya nyumba yake, leso kuukuu kiunoni, mkono wa kulia ndani ya tanuri. Anautoa haraka na kupuliza vidole.

"Huyu hajakubali," anasema. "Tumpe muda apumue."

"Huyu" ni chombo cha maua cha udongo, chenye shingo ndefu na tumbo pana, na humo tanurini kina wenzake. Bi Obura huviita vyombo vyake huyu na yule, kama majirani. Ukimuuliza kwa nini, anakutazama kama kwamba wewe ndiye mwenye shida.

Siku nyingine hana haraka navyo. Kilichochomwa huachwa kipoe chenyewe, la sivyo hewa ya asubuhi itakipasua. Leo, hata hivyo, haraka anayo. Ni Jumamosi, na saa kumi jioni jumuiya inakuja kusali kwake.

Kwa Wakatoliki wa mtaa huu, hilo ni jambo la kawaida. Familia jirani hukutana kila wiki kwa zamu, leo nyumba hii, wiki ijayo ile, wakasoma Neno, wakasali, wakanywa chai na kupeana habari za mtaa. Kwa Bi Obura si jambo la kawaida hata kidogo. Zamu yake imekuwa ikirukwa tangu mwaka juzi.

Aliyeiruka ni mwenyekiti wa jumuiya, Bi Teresiah, ambaye mtaa mzima humwita Mama Shiku. Ndiye pia aliyeirudisha, wiki iliyopita. Lakini kama yeye mwenyewe atakanyaga hapa leo, hakuna anayejua.

"Wengine wakija nitafurahi," anasema Bi Obura. "Lakini Mama Shiku asipokuja, nitajua bado niko nje."

Kisa cha wanawake hawa wawili kilianza na neno moja tu. Halikuwa tusi wala uongo. Lilikuwa neno safi la Kiswahili, na limo kwenye kamusi.

Phelister Obura, au Mama Elsie kama anavyojulikana hapa, alizaliwa Nyakach, mtoto wa mfinyanzi. Mama yake alifinyanga mitungi ya maji na kuibeba kichwani hadi sokoni. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na nyumbani kwao haikuwa methali, ilikuwa chakula cha jioni. Vyombo vizuri viliuzwa, wao wakapakulia kwenye vilivyopasuka.

Alifika Nairobi kama bibi arusi wa Willis Owuor, karani wa reli, mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni na heshima kubwa kwa sarufi. Walipata watoto watatu. Bw Owuor akaenda kazini, naye akauza mboga na dagaa wa omena kando ya barabara. Udongo aliuacha Nyakach na hakuufikiria tena kwa miaka mingi.

Kilichomrudisha ni mkebe. Jumuiya inaposali, huandaliwa meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, sanamu ya Bikira Maria, mshumaa na maua. Siku moja, akiwa katikati ya rozari, Bi Obura alifumbua macho akaona maua yametiwa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, picha ya chapati ikiwa imeelekezwa kwa Bikira Maria.

"Nilisikia aibu, wacha nikwambie ukweli," anasema. "Nikajiambia, mimi ni mtoto wa mfinyanzi, na Mama Maria anaangalia chapati?"

Wiki hiyo alipanda gari hadi Njiru, ambako kila kona mtu anachimba msingi wa nyumba. Udongo mweusi wa juu haufai. Hupasuka hata ukiutazama vibaya. Lakini chini yake, kwenye mashimo yanayofika kiunoni, kuna tabaka la kijivu linaloshikana kama unga wa ngano, na wajenzi hulitupa. Alijaza gunia, akalipa kijana wa mkokoteni, wala hakumweleza mtu.

Hana gurudumu la kufinyangia wala hataki. Huukanda udongo kwa visigino, kisha kwa viganja, akiuchanganya na vigae vilivyotwangwa ili usipasuke motoni. Halafu huuviringisha kuwa kamba nene, kamba juu ya kamba, akikizunguka chombo kinyumenyume badala ya kukizungusha. Akimaliza siku ya kazi, anasema, ametembea kwenda Donholm na kurudi, ila hajafika popote.

Ukuta ukisimama, huukwangua kwa kipande cha kibuyu. Shingoni hupitisha kamba ya majani iliyosukwa, nayo huacha mistari midogo kuzunguka chombo chote. Mistari hiyo ni ya mama yake. Mzee huyo alishafariki, na Bi Obura hushukuru kwa sauti kila anapoiweka, kwa Kijaluo, maneno mawili matatu, kisha anaendelea na kazi.

Wanaodhani ufundi huu ni wa kurithi tu, kama pua, wangemwona na chombo chake cha kwanza. Mtungi wa maji wa Nyakach husifiwa kwa kutoa jasho, maana jasho ndilo linalopoza maji. Chombo cha maua kikitoa jasho juu ya kitambaa cha meza, hakuna anayekisifu. Chake kililowesha kitambaa, kikalowesha Biblia hadi Zaburi, na Mama Shiku, aliyekuwa akiongoza sala, akalazimika kuisoma Injili huku ameinua kitabu juu kwa mikono miwili.

"Alicheka siku hiyo," Bi Obura anakumbuka. "Tulicheka sisi sote. Wakati ule tulikuwa tunacheka pamoja."

Alijaribu kuchemshia uji wa wimbi ndani ya chombo, dawa ya mama yake ya kuziba vitundu. Jasho likapungua, halikuisha. Mwishowe akayeyusha mabaki ya mishumaa ya kanisani, akamimina ndani chombo kikiwa bado na joto na kukizungusha hadi nta ishike kila mahali. Hapo ndipo kilipokauka nje kabisa.

Majirani wakataka vya kwao. Kisha akaja Filsan, mwenye duka la mapambo ya harusi Donholm, aliyeona kimoja kwenye sherehe na kuuliza kilikotoka. Filsan hakujadili bei. Aliweka vitatu kwenye kiti cha nyuma, akafunga mkanda wa gari kuvizunguka kama abiria, na tangu hapo hununua karibu kila mwezi.

Chombo kidogo huenda kwa shilingi mia sita, kikubwa elfu mbili na ushei. Si utajiri. Ni karo ya kitinda mimba, na omena sasa huliwa nyumbani badala ya kuuzwa. Bi Obura anaposimulia haya hushika kifua na kusema "nashukuru," mara nyingi kiasi kwamba ukiacha kuandika hilo neno, daftari linabaki na nafasi.

Kazi ilipochangamka, Bw Owuor, aliyekuwa amestaafu na kuishiwa na vitu vya kusahihisha, alijitolea kuandika kibao cha langoni. Alilitafakari neno. Chungu, alimweleza mkewe, ni cha kupikia mboga. Cha kutia maji kinaitwa mtungi. Vyombo hivi vinatiwa maji, kwa hiyo ni mitungi. Alichora mistari kwa rula, akapaka rangi ya samawati, na kibao kikasomeka: MITUNGI SAFI. KARIBUNI NDANI.

Tulipomuuliza kwa nini hakuongeza "ya maua," Bw Owuor alivua miwani na kuifuta kwa muda. Ubao, alisema, ulikuwa mfupi.

Sasa, msomaji wa pwani au wa ng'ambo ya mpaka huenda bado haoni kosa liko wapi. Msomaji wa Eastlands ameshaanza kucheka. Hapa mtungi ni pombe. Kupiga mtungi ni kulewa. Mtu akikuambia jamaa fulani "yuko mtungi," usimtafute kisimani.

Kibao hakikumaliza hata siku moja kabla ya wateja kufika. Walikuwa wanaume watatu, wametoka kazini, wametazama kulia na kushoto kabla ya kubisha. Aliyetangulia alikuwa Mureithi, fundi wa mawe, mtu mrefu mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi.

"Mathe, niaje," alimwamkia kwa kunong'ona. "Tuwekee mtungi wa mia. Ile safi."

Bi Obura, kwa furaha ya mfanyabiashara mpya, aliwaambia wa mia hakuna, wa chini kabisa ni mia sita, lakini ni imara na hautoi jasho. Aliwaingiza hadi nyuma na kuwaonyesha vyombo vilivyopangwa juu ya mbao. Wawili walitazamana, wakaondoka wakiwa wameshikana mabega kwa kicheko.

Mureithi alibaki. Anasema hakubaki kwa ajili ya maua. Alibaki kwa sababu aliona shimo ambamo Bi Obura alichomea vyombo vyake, limejaa maranda na mabaki ya mbao, moshi ukitoka kila upande, na fundi aliyemo moyoni mwake akakasirika.

"Nikamshow, mathe, moto yako inatoroka," anasema. "Unachoma hewa ya Mowlem. Hiyo si kuchoma, hiyo ni kusumbua majirani."

Kesho yake alirudi akiwa hajaonja pombe, na matofali yaliyokataliwa kutoka kwenye mjengo, na kwa jioni kadhaa akajenga tanuri ambalo mpaka leo Bi Obura hulipapasa ukutani anapopita. Tangu lijengwe, vyombo vingi hutoka vizima. Zamani nusu vilivunjika.

Baada ya tanuri, Mureithi akaendelea kuja. Akaanza kukanda udongo. Kisha akaomba afundishwe kamba. Kazi ya mawe ikikosekana, huwa hapa kutwa. Hakuokoka kwa ngurumo, na hapendi makala yaseme hivyo. Aligundua tu kwamba mkono uliolala na pombe hutetemeka, na mdomo wa chombo ukifinyangwa na mkono unaotetemeka hauwi duara.

"Sijaacha kabisa, nisikudanganye," anasema. "Krismasi niliteleza. Lakini kabla ya kujua hii kazi, kila jioni ilikuwa Krismasi."

Tatizo ni kwamba hakumwambia mtu. Mureithi huishi na dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, na dada huyo ndiye Mama Shiku. Kwao upande wa Murang'a, na hata kwa mafundi wenzake hapa mtaani, kufinyanga ni kazi ya wanawake. Mwanamume wa mawe na nyundo kuonekana akiviringisha udongo kwa mama wa watu, maneno ya mtaa hayangeisha.

Kwa hiyo dada alipouliza alikotoka, nguo zimechafuka na macho mekundu kwa moshi, Mureithi alijibu, "Nimetoka mtungi." Aliona ni mzaha mtamu, tena usio na uongo ndani yake. Dada hakuuona mzaha wowote. Kati ya kuitwa mlevi na kuitwa mfinyanzi, ndugu yake alichagua kuitwa mlevi.

Mtazame basi Mama Shiku alivyouona ulimwengu. Langoni mwa jirani kuna kibao cha mitungi safi. Nyuma ya nyumba kuna moshi, na palipo na moshi hapakosi moto. Ndugu yake, ambaye ameshamtoa mtaroni zaidi ya mara moja, anaingia hapo kila jioni na kutoka akisema ametoka mtungi. Na mwenye nyumba hiyo huketi naye jumuiyani akishika rozari.

Hakupiga kelele. Hakuita chifu. Aliruka zamu.

Bi Obura anaikumbuka siku hiyo kuliko anavyoikumbuka harusi yake. Alikuwa ameosha mapazia. Alikuwa ameazima viti kwa Carolyne, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye alimpa bila kusema neno, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Chai ilikuwa tayari, mikate imepakwa siagi. Saa kumi ikapita. Kisha akasikia wimbo wa kufungulia sala, unatoka nyumba ya pili, kwa Carolyne, wanaimba wakiwa wamesimama.

"Walisimama kwa sababu viti vilikuwa kwangu," anasema. Anatabasamu, lakini anaangalia pembeni. "Nilikaa kwenye kimoja. Nikaimba na wao kupitia ukuta. Ningefanya nini?"

Hakuna aliyemshtaki. Hilo ndilo lililomtesa, maana mtu hawezi kujibu swali ambalo hajaulizwa. Wateja wa mboga walipungua. Msakristia hakumpa tena mabaki ya mishumaa ya kanisani, akawa ananunua ya dukani. Aliposikia hatimaye kinachosemwa, alicheka kwanza, kisha akalia, kisha akamwambia mumewe akitoe kibao. Bw Owuor alikitoa jioni hiyo hiyo. Mtaa ukasema sasa Mama Elsie ameanza kuuza kwa siri.

Tunamuuliza kwa nini hakumtafuta Mama Shiku akamweleza. Anasema alijaribu, mara moja, baada ya misa. Alianza kwa kusema, "Mama Shiku, ile mitungi yangu," na mwenzake akainua mkono na kumwambia asimalize, kwamba mbele ya kanisa si mahali pake.

Je, hakumchukia? Bi Obura anakwangua udongo uliokauka kwenye kiwiko.

"Alikuwa anamlinda ndugu yake," anasema. "Mimi kama ningekuwa na ndugu kama huyo, na jirani anamuuzia, singeruka zamu peke yake. Ningebomoa lango."

Na Mureithi je, alijua? Alijua kwamba wanawake wamenuniana, anasema, lakini wanawake wa kanisa hununiana, naye hakujua sababu. Aliyemfungua macho ni Filsan, alipokuja kuchukua vyombo na kumuuliza, huku akicheka, kama ni kweli anakunywa vyombo vya maua. Hapo akaelewa mzaha wake ulikofika.

Wiki mbili zilizopita ilikuwa kumbukumbu ya mama yao. Mureithi alifinyanga chombo kwa mkono wake mwenyewe, kimeinama kidogo upande mmoja, akakichoma, akakipaka nta na kukipeleka nyumbani kikiwa kimefungwa kwenye gazeti. Alimkabidhi dada yake na kumwambia, "Huu ndio mtungi nilikuwa napiga."

Mama Shiku aliutoa kwenye gazeti. Akaugeuza juu chini. Kisha, kwa maelezo ya Mureithi ambaye bado haamini, akautia pua na kuunusa.

"Alinusa vizuri," anasema. "Alinusa kama mtu wa customs mpakani. Alipokosa kitu akakaa chini. Akaniuliza nani alinifunza."

Dada alikwenda nje, akakata maua ya uani kwake, akayatia ndani ya chombo kile na kukiweka chini ya picha ya mama yao. Jumamosi iliyofuata, mwisho wa sala, alisimama kutangaza zamu. Alisema wiki ijayo ni kwa Mama Elsie, akaketi, wala hakumtazama mtu.

Sisi tulimpigia simu. Alitusikiliza kwa adabu na kutujibu kwamba kuna mambo husemwa mbele ya Mungu kwanza, gazeti baadaye.

Mchana, tanuri limekubali. Bi Obura anaingiza mikono yote miwili na kumtoa wa kwanza, mwekundu wa kahawia, upande mmoja mweusi ulipolambwa na moto. Anamgonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chombo kizima hulia kama kengele ndogo. Kilichopasuka hujibu kwa sauti ya mbao. Huyu analia vizuri. Anayefuata pia. Wa tatu, mkubwa kuliko wote, aliyekusudiwa kukaa kwenye meza ya sala, anajibu kwa sauti ya mbao.

Anaupata ufa kwa ukucha, umejificha chini ya shingo. Mureithi anaacha kupanga viti. Bi Obura anamweka huyo mwenye ufa kando kwa upole, kwenye rundo la vigae.

"Huyu atatwangwa, ataingia kwa udongo wa wengine," anasema. "Hakuna anayepotea hapa. Lete yule mdogo."

Ana mpango, na anatueleza huku akimimina nta. Bw Owuor alinunua kiwanja Njiru kwa pesa zake za kustaafu, kidogo, hakina hata choo. Bi Obura anataka tanuri kubwa lijengwe huko, mbali na nguo za watu zilizoanikwa, karibu na udongo wenyewe. Anataka wanawake wa jumuiya wanaotaka wajifunze, wafinyange huko mara mbili kwa wiki, na Filsan ameahidi kununua vitakavyotoka vizima. Mureithi atalijenga tanuri lenyewe. Leo, anasema, ndilo jambo atakaloliombea kwenye nia za sala. Amelipanga kichwani wiki nzima, maneno na yote.

Saa kumi inafika. Bw Owuor, amevaa tai, amesimama mlangoni kama anayengoja treni. Anaingia Carolyne, akibeba viti viwili bila kuombwa. Wanaingia wengine, wawili wawili, "Tumsifu Yesu Kristo," "Milele na milele, amina," wakivua viatu ijapokuwa hakuna aliyewaambia. Wanatazama vyombo vilivyopangwa dirishani, wanagusana kwa viwiko. Sebule inajaa. Mama Shiku hayumo.

Wimbo wa kufungulia unaimbwa. Bi Obura anaimba huku macho yako mlangoni. Somo la kwanza linasomwa. Mureithi, ambaye hajaketi jumuiyani tangu akiwa kijana, anachezea ukingo wa kofia yake.

Wakati wa Injili, pazia linasogea. Mama Shiku anaingia, mwanamke mnene mfupi mwenye sweta ya kijani, na kukaa kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango. Hasalimii, maana Injili inasomwa.

Zinakuja nia. Hapa kila mwenye haja huisema kwa sauti, akamalizia "Twakuomba, ee Bwana," na wote hujibu "Utusikie." Mmoja anawaombea wagonjwa. Mwingine mvua. Mwingine anamwombea mwanawe anayefanya mtihani, na mtihani anautaja kwa jina ili Mungu asikosee. Kisha kutoka mlangoni inasikika sauti ya Mama Shiku, amefumba macho.

"Namwombea huyu mama ambaye nilimfungia mlango wake mwenyewe," anasema. "Nilimhukumu kwa neno tu, sikuingia kuona. Ndugu yangu alikuwa hapa akiponywa, na mimi nikafikiri anauawa. Huyu mama anisamehe, na Mungu anisamehe. Twakuomba, ee Bwana."

"Utusikie," wanajibu watu.

Wote wamejibu isipokuwa mmoja. Bi Obura ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Chumba kinangoja.

"Utusikie," anasema Bi Obura, peke yake, kwa sauti ambayo haikutoka vizuri.

Baadaye tulimuuliza Mama Shiku kama tungeweza kuyaandika maneno hayo. Alisema tuandike, sasa yameshapita kwa Mungu.

Zamu ya mwisho ya nia ni ya mwenye nyumba. Tunajua atakaloliomba, kwa kuwa ametueleza, la Njiru na tanuri na wanawake. Anasimama. Anatazama viti, vyake na vya Carolyne, jinsi hakuna kilichobaki kitupu, na Bw Owuor amelazimika kukaa juu ya gunia la udongo akiwa na tai yake.

"Mimi leo sina cha kuomba," anasema. "Nashukuru tu. Nyumba imejaa."

Anaketi. Watu hawajui wajibu nini, maana hakuomba kitu, mpaka Mama Shiku anapoanza, "Tunakushukuru, ee Bwana," nao wote wanamfuata.

Chai inapopita tunamsogelea mwenye nyumba na kumnong'oneza kuhusu Njiru. Hakuliombea, tunamwambia, na alikuwa ameliandaa wiki nzima. Bi Obura anafuta macho kwa upindo wa leso na kucheka.

"Hilo litaombwa Jumamosi ijayo," anasema. "Zamu ni ya Mama Shiku. Ameniambia niende mapema, nimsaidie kupanga viti."